Jina la Shehe Kitabuni

Mama Epifania, mkunga mzee wa mtaa wa Lizaboni, hakuwa mtu wa kubembelezwa. Aliposikia Shehe Twaibu amepewa siku tatu arudi kwao Msumbiji, alijifunga khanga kiunoni akashika njia ya parokiani.

"Kwao Msumbiji wapi?" alifoka. "Nilimzalisha mama yake kwa mikono yangu hii."

Kutoka huko akaenda ofisi ya uhamiaji, akakuta mtaa mzima umeizingira, Wakatoliki wengi kuliko Waislamu, wanaimba na kupiga madebe. "Mitumba ruksa, televisheni ruksa, shehe wetu tu ndiye marufuku?" Akapenya katikati yao na kitabu cha ubatizo kwapani, padri akihema nyuma yake kwa hofu ya kitabu chake.

"Shehe, unisamehe," alisema mbele ya ofisa, akimgeukia Shehe Twaibu aliyeketishwa pale. "Ulizaliwa hulii, una rangi ya jivu. Nikakumwagia maji nikakubatiza, ndivyo tulivyofundishwa kwa kichanga anayekata roho. Padri wa wakati ule akaandika. Mama yako sikumwambia mpaka anakufa."

Akamfungulia ofisa ukurasa. Ofisa akasoma kwa sauti: amezaliwa Lizaboni, Songea, mwaka 1951, mama Zuhura, baba Likwanya. Kisha akainua macho.

"Fulgensi Likwanya ni nani hapa?"

Kwa mara ya kwanza tangu mtaa umjue, Mama Epifania aliinamisha kichwa. Shehe Twaibu alimtazama. Halafu akasimama, akaiweka sawa kofia yake.

"Naam," akaitika. "Ni mimi."