Nilimkuta Mama Kwenye Komenti za Barafu

Mama yangu alikufa maji mwaka 1997, nikiwa na miaka saba.

Mwaka juzi nikamkuta kwenye komenti za Facebook. Yuko hai, amenenepa, anacheka.

Naandika yote, na pale nilipokosea mimi sitaparuka.

Naitwa Warda. Kwetu ni Mbwera, huko kwenye visiwa vya delta ya Rufiji, ila nimekulia Kibiti mjini. Mpaka leo niko Kibiti, nauza juisi na barafu jirani na stendi.

Aliyenilea ni shangazi Sihaba, dada wa baba. Baba, Swalehe, alifariki hata shule sijaanza. Mama, kwa jinsi nilivyoambiwa, alikuwa anavuka kwenda Mafia, mtumbwi ukapinduka kwenye mlango wa mto, mwili haukuonekana.

Shangazi akanibeba, akaacha shamba lake la mpunga, tukahamia Kibiti. Yeye hakujaliwa kuzaa. Alitwanga mpunga wa watu, akakaanga vitumbua, mimi nikavaa sare nikasoma mpaka kidato cha nne.

Kila mwaka tulimsomea mama hitma. Mimi nalia, yeye ananifuta machozi kwa upindo wa khanga yake.

Kitu pekee nilichokuwa nakikumbuka vizuri cha mama ni barafu zake.

Mbwera wakati huo umeme hakuna, friji utaisikia kwa watu. Lakini kulikuwa na boti ya mnunuzi wa kamba, inakuja na barafu iliyopondwa kwenye makasha ili kamba wasioze. Mama alikuwa anapata ndoo moja.

Anachemsha tui la nazi na sukari na hiliki. Likipoa anamimina kwenye vile vifuko virefu vya nailoni, anadondosha tende moja nzima chini, anafunga fundo. Halafu anavizika kwenye ile ndoo, barafu imechanganywa na chumvi ya mawe, juu anafunika gunia. Alasiri vimeganda.

Sasa kwa sababu ya ile chumvi, kifuko ukikilamba kwa nje kilikuwa na chumvi chumvi. Ulimi unaanza na chumvi, unaingia kwenye utamu, unamalizia na tende.

Mimi ni muuza barafu mwaka wa tisa huu. Sijaona mtu mwingine anayezitengeneza hivyo.

Basi mchana mmoja wa mwezi wa nne, mvua imeshika, wateja hakuna, nimejikunyata kibandani na simu. Kuna kundi la Waswahili waliotawanyika nchi mbalimbali. Mtu kauliza: utotoni ulikuwa unalamba barafu gani, na kwenu zinaitwaje? Taja na nchi.

Aisee, watu walifunguka.

Mzanzibari mmoja kasema kwao ni malai, na kama hujalamba malai ya ubuyu umekua bure. Jamaa wa Dar akamjibu hizo ni barafu zile zile mmezibadilisha jina, yeye alikuwa anamkimbiza muuza lambalamba wa baiskeli mpaka mtaa wa tatu, anarudi anachapwa.

Dada wa Mombasa akasema walikuwa wanatoboa kona ya mfuko kwa meno, wanafyonza rangi yote, wanabaki na barafu nyeupe isiyo na ladha, na bado wanaitafuna. Mwingine aliyekulia Maskati akasema yeye aiskrimu ya kikombe alikuwa anaivunjia krispi za pilipili juu yake. Wakamcheka. Akasema mnaocheka hamjaonja.

Nacheka peke yangu kama chizi.

Ndiyo nikafika kwenye komenti ya binti anaitwa Yasmini. Yuko Nacala, Msumbiji.

Aliandika kwamba kwao zinaitwa jelinyo, na wengi wanatengeneza kwa juisi ya unga. Ila mama yake alikuwa anatengeneza za tui la nazi, chini anaweka tende. Na kabla hajampa mtoto, anakichovya kwanza kifuko kwenye maji ya chumvi. Watoto wa mtaani walikuwa wanawacheka. Mpaka leo yeye hajui kwa nini mama yake anafanya vile.

Mimi nilijua kwa nini.

Mtu mwenye friji chumvi ya nini? Chumvi ni ya mtu aliyejifunza kugandisha kwenye ndoo, akaizoea ladha yake.

Nikamfuata inboksi. Nikamwambia mimi ni muuza barafu Tanzania, nimependa komenti yake, mama yake ni mtu wa wapi? Akajibu kwa Kiswahili chake cha kule kwamba mama ni Mtanzania, wa upande wa Kilwa, anaitwa Rukaiya.

Mama yangu aliitwa Rukaiya.

Nikaomba picha. Akatuma bila wasiwasi.

Mama mmoja kakaa kwenye kiti cha plastiki, gauni la kijani, mnene, anacheka mwanya wote nje. Ule mwanya ninao mimi. Ule uso ndio ninaounawa kila asubuhi.

Nilifunga kibanda saa nane mchana, nikaenda nyumbani natembea kwenye mvua.

Shangazi alikuwa barazani anachambua mchele. Nikamwekea simu mbele ya macho, nikamuuliza huyu ni nani.

Aliitazama. Mikono ikasimama juu ya ungo.

"Mama yako alikufa maji," akasema.

Nikamwambia atazame vizuri. Akatazama tena, akarudia maneno yale yale, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma.

Hapo nikawaka.

Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nikamwambia amenisomesha hitma ya mtu aliye hai. Nikamwambia alimfukuza wifi yake ili amnyang'anye mtoto, kwa sababu yeye mwenyewe Mungu alimnyima. Nikasema yeye si mama yangu na hatakuwa.

Nikamwita tasa. Mbele ya majirani wote, na mbele ya wanangu wawili.

Shangazi alimalizia kuchambua ule mchele, akautia kwenye sufuria, akaufunika.

Asubuhi yake nilimpeleka stendi, nikampandisha gari la Nyamisati ili akapande boti arudi Mbwera kwa watu wake. Bibi wa miaka sitini na saba, na begi moja. Sikusubiri hata gari liondoke.

Sasa nikawa na nafasi ya kumpata mama yangu.

Namba yake nilipewa na Yasmini. Nilimdanganya kwamba nataka kumuuliza mama vipimo vya tui. Nikapiga, ikapokelewa, nikajitambulisha: Warda, wa Mbwera, mtoto wa Swalehe.

Nilikuwa nasikia kuku huko kwake.

"Sikiliza," akasema. "Mume wangu hajui kama niliwahi kuzaa kabla yake. Akijua ananiacha."

Nikamwambia sitaki kitu chake chochote. Nataka kumwona mara moja tu, hata kama ni Mtwara, nitajifanya mteja, nitajifanya mpita njia. Akasema haiwezekani. Nikamuuliza kama shangazi ndiye aliyemfukuza. Hilo alilipita kama hakulisikia.

Akauliza kama nina watoto. Nikasema ninao wawili. Nikangoja aulize majina.

"Basi unao watu wako," akasema. "Usipige tena hapa."

Nilipojaribu tena nilikuta ameshaniblok.

Siku mbili sikula. Ya tatu nikaamka na akili nyingine kabisa. Kama mimi simpati, basi na hao wengine wasimpate.

Simu yangu huwa inarekodi. Ile sauti ilikuwemo. Nikaichukua, nikaambatanisha na picha ya cheti changu cha kuzaliwa chenye jina lake, nikamtumia Yasmini vyote. Chini nikaandika: mpelekee baba yako asikilize.

Nilikuwa nataka ile ndoa ivunjike. Nilitaka atupiwe sanduku nje, na yeye aone. Nilipobonyeza kutuma nilijisikia vizuri, sitawadanganya. Jioni hiyo nililala usingizi mzito.

Yasmini alijibu kesho yake mchana.

"Dada, baba alifariki, huu mwaka wa nne. Mama anaishi na mimi tu. Hakuna mtu anayemwogopa hapa."

Niliisoma pale kibandani, mteja anadai chenji yake, simsikii.

Hakukuwa na mume. Mume alifufuliwa palepale kwenye simu, haraka haraka, ili mimi nikate.

Yasmini, masikini, alimwendea mama yake na ile rekodi. Akaniletea jibu. Sijui kwa nini aliniletea, labda alidhani mtu akiuliza anataka kujua. Mama alimwambia hivi: "Yule mtoto nilishamlilia nikamaliza."

Basi.

Wiki hiyo nikaenda Mbwera. Nyamisati nilipokelewa na kaka Badru, mtoto wa baba mkubwa, yeye ndiye mwenye boti. Tulipoingia kwenye mkono mwembamba wa mto, mikoko huku na huku, akapunguza injini. Akaniuliza kama huyo niliyekuwa namtafuta nimempata. Nikamwonyesha ujumbe wa Yasmini. Akasoma, akanirudishia simu.

Ndiyo akanieleza.

Yeye siku mama alipoondoka alikuwa na miaka kumi na nane, na ndiye aliyeushika upondo, ule mti wa kusukumia, kwenye mtumbwi uliompeleka. Ilikuwa mchana kweupe. Mama alikuwa anakwenda kupanda boti ya yule mnunuzi wa kamba, mtu wa Msumbiji, aliyekuwa amemwambia atamuoa lakini mtoto wa mtu hambebi. Mimi nilikuwa na homa siku ya nne.

Kumbe ile ndoo ya barafu ilikuwa inatoka kwa bwana huyo. Utamu ninaousifia miaka yote, yeye ndiye aliyekuwa akiuleta.

Badru akasema shangazi alitokea anakimbia kwenye tope, linamfika magotini, mimi niko mgongoni kwake. Akambembeleza wifi yake anichukue. Akaona haiwezekani, akamwomba basi angoje homa ishuke tu, siku mbili, tatu. Watu wamesimama wanatazama.

Mama akamjibu akiwa ndani ya mtumbwi, hata hakugeuka vizuri.

"Kaa naye wewe, si huna."

Nilimwomba Badru azime injini.

Akaizima, akaendelea kusimulia. Akasema habari ya kufa maji aliitunga shangazi siku ile ile, njiani akirudi, kwa sababu nilikuwa nauliza mama yuko wapi. Na Kibiti hakuhama kwa kupenda. Watoto wa Mbwera walikuwa wameanza kunitania kwamba mama yangu kafuata barafu. Ndipo akaliacha shamba, akanipeleka mahali ambapo hakuna anayejua.

Miaka yote hiyo neno moja tu lingemwokoa, hata siku ile barazani. Alikuwa nalo mdomoni. Akaona bora nimchukie yeye kuliko nijue kwamba sikutakiwa.

Nilimkuta nyumbani kwa Badru, anasuka ukili wa mkeka.

Aliinuka akanitandikia mkeka mpya. Akaagiza maji ya kunawa. Akauliza safari, akauliza watoto, mmoja mmoja kwa jina. Mimi niko chini nimeshika miguu yake nalia, yeye ananiinua, ananiambia nisichafue nguo.

"Nimekusamehe, Mungu shahidi," akasema. "Lakini Kibiti sirudi. Lile jina uliloniita, majirani wamelisikia."

Nikasema nitahama. Twende tukaishi Ikwiriri, twende popote. Akatikisa kichwa.

Chakula nililetewa kwenye sahani za wageni, zimefunikwa kawa. Yeye alikula jikoni na mke wa Badru.

Tangu nipate akili alikuwa ananiita mwanangu. Siku ile aliniita Mama Haruna, kwa jina la mwanangu wa kwanza, kama wanavyoniita wateja.

Nimekwenda mara sita toka wakati huo. Nampelekea dawa za presha, nampelekea khanga, anapokea kwa mikono miwili na kushukuru. Mkeka unatandikwa. Sahani zinatolewa. Nikiaga ananisindikiza mpaka kwenye mnazi wa mwisho, pale wageni wote wanaposindikizwa, na anarudi kabla boti haijang'oa nanga.

Yasmini huwa ananiandikia mara moja moja. Huwa tunaulizana hali. Mama yake hatumtaji.

Haya nimeyaandika kwa ajili ya mtu mmoja anayesoma hapa, aliyelelewa na asiyemzaa. Siku ukigundua kwamba alikudanganya, utakuwa na hasira, na utakuwa na haki ya kuwa nayo. Lakini kabla hujafungua mdomo, muulize ule uongo ulikuwa unamkinga nani.

Mimi sikuuliza.