Nyundo ya Tabla

Sikuli alizaliwa Musienene, akakulia kwenye ngoma ya kanisa. Asubuhi za ukungu, kabla ya ibada, aliwasha majani makavu ya migomba na kuipasha ngozi moto mpaka ilie vizuri. Alipohamia Vulamba, mjini Butembo, alishika gitaa la besi, akajifanya bingwa wa jazi na fanki. Moyoni alibaki mpiga ngoma, na jambo hilo alijivunia kupita kiasi.

Mwenzake wa muziki alikuwa Harish, Mhindi wa makamo aliyeuza vitambaa. Harish alikuwa na tabla, ngoma mbili fupi zenye duara jeusi katikati ya ngozi, urithi wa marehemu baba yake. Jumapili alasiri walipiga dukani, milango imefungwa. Besi ikivuta fanki taratibu, tabla ilikuja mbiombio pembeni na kuitekenya. Majirani walicheka mwanzoni. Baadaye wakawa wanatikisa mabega barazani. Wawili hao walitunga kipande kimoja kirefu, wakaapa kukipiga hadharani. Siku zote Sikuli alikuta tabla zimekwisha kukazwa. Hakuuliza hata mara moja zinakazwa vipi, maana yeye alikuwa na haraka ya kupiga tu.

Vita vya pili vya Kongo vilipochacha, Harish alifunga duka akakimbilia Kampala. Alimwachia Sikuli mfuko wa tabla.

“Unichungie,” alimwambia. “Nikirudia, tutapiga mbele ya batu.”

Karibu miaka miwili ikapita. Ndipo dereva wa lori akaleta habari: Harish anakuja Beni kwa siku moja, na amepata ukumbi huko, mtaa wa Bungulu. Sikuli alifurahi kama mtoto. Yeye na mkewe Orpa walipanda lori, wakavuka vizuizi vya askari huku mvua ikiwanyeshea. Kwa koti lake alizifunika tabla, mwenyewe akalowa chapachapa.

Walifikia Beni, kwa dada yake Orpa. Sikuli alipozigusa tabla, ngozi zilikuwa zimelegea, zinatoa sauti nzito isiyo na uhai. Akavuta mbabula, jiko lililokuwa limejaa makaa ya moto.

“Ulimuulizaka mwenyewe?” Orpa alisema.

“Kuuliza nini? Ngoma ni ngoma. Nataka aikute tayari.”

Akaishika ile ndogo juu ya makaa, akiigeuzageuza kwa upendo wote. Ngozi ilikaza. Kisha lile duara jeusi likapasuka, likaanza kubanduka vipande vipande, kama ugali uliokaukia sufuriani. Sikuli alijaribu kuvirudisha kwa kidole. Havikushika.

Harish alipofika, aliipiga mara moja, ikatoa mlio mkavu. Akaiweka chini.

“Uliiweka ku moto?”

“Papa Harish, nisamehe. Ngozi ililegea juu ya mvula, donc nikafanya vile tunafanyaka kwetu.”

“Hii hapana ya moto. Tunaigongaka pembeni na nyundo, polepole, mpaka inakaza.” Harish hakupandisha sauti, na Sikuli aliona heri angetukanwa. “Ile nyundo kidogo nilikuachiaka mu mufuko, iko wapi?”

Nyundo! Ilikuwa Butembo. Tangu vita vianze, Sikuli alikuwa akiitumia kupigilia misumari kwenye mlango wake, akimshukuru Harish kimoyomoyo kwa kumkumbuka hata kwa vifaa vya nyumba.

Jioni ile alipiga besi peke yake. Harish alikaa mstari wa mbele, tabla mapajani, vidole vikigonga mbao za kiti. Watu walipiga makofi, nao hawakujua wamekosa nini. Asubuhi Harish alirudi Kampala na tabla yake iliyoharibika, na hakuonekana tena Butembo wala Beni. Kile kipande chao hakuna aliyekisikia kikiwa kizima, isipokuwa wale majirani wa barazani.

Sikuli bado anaishi Vulamba. Nyundo ile ameifunga kwa kitambaa safi, iko kabatini. Mlango ukilegea, huenda kuazima ya jirani.