Tawi Ambalo Sikuliweka

Mimi niliishia darasa la saba, kutunga sijui. Haya yalinipata mwenyewe, jua likiwa bado juu, na sikuwa nimelala wala kunywa kitu. Ukitaka kucheka, cheka, ila nisikilize mpaka mwisho.

Hapa Lindi mjini kuna kilima chenye msitu wa hifadhi, nyuma kabisa ya nyumba zetu. Wageni huja kutembea humo siku za mapumziko, na mimi ndiye ninayewaongoza. Mke wangu, Somoe, alikuwa akitufuata nyuma na beseni la chapati na samaki wa kukaanga, ili tukifika juu wageni wapate kula. Njia za humo zinagawanyika sana. Kwa hiyo anayetangulia hukata tawi lenye majani na kulilaza kwenye njia isiyofaa, wa nyuma ajue hapa hapapitwi. Kwetu hata watoto wanalijua hilo.

Siku ile Somoe alinitania mbele ya wageni. "Mwangalieni kiongozi wenu! Nyumbani hata chumvi haoni ilipo!" Wageni wakacheka, mimi nikakasirika. Tulipofika njia panda ya machimbo ya zamani ya mawe, panga lilikuwa mkononi mwangu. Nikapita hivyo hivyo, bila kukata tawi. Niliwaza, acha apotee kidogo, atashika adabu.

Nani hajawahi kuwaza hivyo akiwa na hasira? Lakini wangu hakufika juu. Tulimkuta ndani ya shimo la machimbo, amekwisha kufa.

Msibani mama yake aliniuliza, "Baba, hukumwekea tawi?"

Nikajibu mbele ya watu wote, "Niliweka, mama. Aliliruka mwenyewe."

Basi mtaa mzima ukasema Somoe alikuwa mbishi. Mama yake naye akawa anasema hivyo, huku analia. Nami nikawaacha waamini hivyo.

Siku chache baada ya arobaini nilipanda peke yangu, alasiri, kufyeka njia. Mbele yangu nikaona mwanamke kajitanda kanga, beseni kichwani. Nikaita, "Dada, subiri!" Hakugeuka. Alikwenda mpaka njia panda, akasimama, amenipa mgongo.

"Baba Zuhura," akasema, "nipite wapi?"

Hivyo ndivyo Somoe alivyoniita tangu tulipompata binti yetu. Niamini, sauti ilikuwa yake. Nikakata tawi, nikalilaza kwenye njia ya machimbo.

"Kumbe mkono unao," akasema, kwa utani wake ule ule. Kisha akainua kanga kidogo, akaliruka.

"Somoe, siyo huko!"

"Si ndivyo ulivyowaambia? Acha niruke, usije ukaonekana mwongo."

Akaenda zake. Majani makavu hayakutoa mlio chini ya miguu yake. Sikusikia mtu kuanguka. Na aibu yangu ni kwamba nilisimama pale nikisubiri kusikia.

Nilishuka mbio mpaka kwa mama mkwe. Alikuwa uani anachambua mchele. Nikapiga magoti, nikasema yote, hata ile hasira ya chumvi.

"Siku zote hizi," akasema, "kila nikimwombea mwanangu, namgombeza kwanza."

Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akafunga mlango.

Huu ni mwaka wa pili. Zuhura anaishi kwa bibi yake. Kila Ijumaa nakwenda pale, nasema shikamoo. Yule mama haitikii, na sidai. Mtaani sasa wanajua kosa lilikuwa la nani. Mwanamke yule sijamwona tena, ingawa napita njia panda ile kila wiki na, niseme kweli, natamani nimwone.

Wewe unayesoma, kama kuna marehemu uliyemsingizia, nenda leo ukawaambie watu wake. Usingoje mpaka aje mwenyewe kukusaidia uongo wako.