Kheiria Alipokata Wimbo

Mtoto wa muuza vipuri hujua bei ya kitu kabla ya kujua jina lake. Kheiria binti Mahfoudh alikulia nyuma ya kaunta ya baba yake mtaa wa Wadi Kabir, baina ya mafuta ya breki na vioo vya pembeni, na tangu skuli alikuwa akimtazama mteja mlangoni akajua: huyu kaja kununua, huyu kaja kuuliza bei akanunue kwenye maduka ya Ghala. Alipofika chuoni na kujiunga na kikundi cha wanafunzi wanaojifunza kuongoza kwaya, alikwenda na jicho lile lile. Kosa la sauti alilisikia kama baba yake anavyosikia ufa wa chuma kwa kukigonga kwa kucha.

Kikundi chao kina utaratibu wake. Kila mwanafunzi huchagua wimbo, husimama mbele akauongoza, na wenziwe ndio waimbaji. Leo unanyoosha mkono wewe, kesho unanyooshewa. Kheiria alichagua wimbo wa kumlaza mtoto ambao bibi yake, Bi Masouda, alikuja nao kutoka Unguja, akaupanga kwa sauti tatu. Mwalimu Rahila aliupenda, akasema huo ndio utakaofunga sherehe ya chuo.

"Lakini washike watu wako," alimwonya.

"Inshallah, mwalimu," alisema Kheiria, kwa sauti ya mtu ambaye hakusikia.

Maradhi yake yalikuwa kukata. Kosa dogo tu, ngumi inafungwa hewani, wimbo unakatika, kidole kinamwelekea mwenye kosa. Siku moja mazoezini kidole kilimwelekea Manal, nguzo ya sauti za chini, na si mara ya kwanza.

"Manal, umeingia mapema. Tena!"

Wakaanza upya. Ngumi ikafungwa.

"Manal! Una haraka ya wapi, shoga? Mume anakungoja nje?"

Wengine wakacheka. Manal alichukua mkoba wake taratibu. "Nakwenda zangu. Tafuta wa kumwonesha kidole," alisema, akatoka. Lamya na Nunu, wenziwe wa sauti ya chini, wakamfuata kama shanga zilizokatika uzi.

Uliobaki ulikuwa wimbo usio na miguu. Sauti za juu zilielea tu, hazina pa kukanyaga. Mwalimu Rahila alisikiliza ubeti mmoja akafunga kinanda.

"Wasiporudi, atafunga sherehe mwenzako Badr na wimbo wake. Nna sherehe ya watu mimi, Kheiria, siwezi kuiacha ipwaye."

Nyumbani, Bi Masouda alikuwa ameshafukiza nguo zake udi. Alikuwa hatoki siku hizi, miguu imemchoka, lakini huko kwenye sherehe, alisema, hata kwa kubebwa atafika. Kheiria alinusa ule udi akamsaidia kuzikunja zile nguo.

Kesho yake alimkuta baba yake dukani akifuta vumbi betri.

"Baba, mteja akiondoka kwa hasira, unamrudishaje?"

"Mwongeze kitu, mama," alijibu Mahfoudh bila kugeuka. "Mtu huondoka kwa neno, akarudi kwa nyongeza."

Basi Kheiria akaenda kwa kina Manal, Madinat Sultan Qaboos, na nyongeza yake tayari. Manal alimkaribisha, akamwekea tende na kahawa, kwa kuwa mgeni ni mgeni hata akiwa na makosa yake.

"Nakupa mwanzo wa wimbo, uuimbe peke yako," alianza Kheiria.

"Sitaki."

"Mwanzo, na ubeti wa mwisho."

Manal aliangua kicheko. "We Kheiria! Hapa si Wadi Kabir. Unapandisha bei ya kitu nisichokiuza."

"Basi unataka nini?"

Manal aliweka kikombe chini. "Harusi ya dada yako Noof, siku ya hina, si niliimba na nyinyi? Nilikosea, sikukosea?"

"Ulikosea. Ulimtaja bwana harusi kwa jina la kaka yake."

"Ahaa. Na bibi yako alifanya nini?"

Kheiria alikumbuka. Bi Masouda alikuwa anaongoza, dufu mkononi. Hakusimamisha. Kwao wimbo wa bibi harusi haukatwi, ukikatwa ni kisirani. Alisogea tu huku anaimba, akakaa bega kwa bega na Manal, akalitia jina la haki sikioni mwake mpaka mtoto wa watu akaingia njiani.

"Ukumbi mzima ule," alisema Manal, "nani aliyejua? Yeye, na mimi, na wewe kwa masikio yako hayo. Alinichukua, hakuniacha. Wewe umenishusha mbele ya watu."

Kheiria aliirudisha tende sahanini.

"Nilikuaibisha," alisema. "Nisamehe, Manal."

Manal alimsogezea kikombe. "Kunywa, kahawa inapoa."

Kwenye mazoezi ya mwisho waliingia wote watatu, wakasimama mahali pao. Walipokosea, Kheiria aliusogeza mkono upande wao, akawatazama, akaendelea.

Siku ya sherehe Bi Masouda alikaa mbele kabisa, pembeni ubavuni mwa kwaya, karibu na Mahfoudh. Katika ubeti wa pili Kheiria alimwona kwa pembe ya jicho midomo ikimchezacheza, anaimba pamoja nao. Akili ikamhama Kheiria. Mkono wake ukapanda kuziita sauti za chini kabla ya wakati: kosa lile lile, na safari hii ni lake.

Manal aliuona mkono. Hakuufuata. Alimtazama Kheiria machoni, akatikisa kichwa kidogo mno, pumzi ameizuia, na Lamya na Nunu wakamngoja yeye. Kheiria akauacha mkono juu, kama aliyekusudia. Wakati ulipofika Manal alishusha kidevu, mkono ukashuka naye, sauti za chini zikaingia. Wimbo haukukatika.

Nje, Mahfoudh alimvuta bintiye pembeni. "Kumbe mteja wako karudi. Ulimwongeza nini?"

"Hakutaka kitu, baba."

"Hata kidogo?" Mahfoudh alikunja uso. Biashara asiyoielewa humkosesha raha.

Manal alikuwa ameinama kumbusu Bi Masouda mkono. Bibi kizee akaushika wa Manal, hakuuachia.

"Hebu nikutazame. Wewe si ndiye uliyemwoza Noof wangu kwa shemejiye?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Imba tu, mwanangu," alisema Bi Masouda. "Bwana harusi mwenyewe alijijua."