Maharage Yaliyosubiri Jarida

Mimi ni mtoto wa duka pale mjini Ngara. Jembe nililijua kwa kuliuza. Chuo kikuu kiliponirudisha nyumbani kutafiti maharage, nikiwa mhadhiri msaidizi mchanga, nilijiona mjuzi. Kumbe wapi!

Miaka hiyo wakimbizi walipojaa wilayani kwetu, maharage ya kijiji cha Kirushya yalikuwa yanakufa kwa kuoza mizizi. Shamba la mama mmoja tu ndilo lililosimama. Mbegu alipewa na mwanamke wa kambini aliyekuwa akija kumsaidia kulima, maharage meusi yanayotambaa juu ya miti iliyochomekwa shambani. Mwanamke yule akarudi kwao, mbegu ikabaki. Niliipima misimu miwili. Wallahi, mizizi haikuguswa.

Serikali ilikuwa imetoa sera nzuri tu: tafiti zisilale kabatini, zichapishwe, zimfikie mwananchi. Ilipofika chuoni ikawa waraka wa ukurasa mmoja: asiyechapisha kwenye jarida linalotambulika asitegemee kuongezewa mkataba. Na majarida yaliyotambulika yote yalikuwa ya ng'ambo. Nikamuuliza mkuu wa idara kama naweza kwanza kuwaandikia wakulima kijitabu cha Kiswahili.

"Andika," akasema, "ila hakitahesabiwa. Na mwenzako akikuwahi kwa hiyo mbegu, umekwisha."

Nikaingiwa na hofu. Nikapanda kwenda Kirushya siku ya pili yake, nikamwamkia mama shikamoo, na kabla sijakaa vizuri nikamwomba asimgawie mtu mbegu ile mpaka andiko langu litoke.

"Hata wifi yangu?" akauliza.

"Hata yeye, mama. Ni muda mfupi tu."

Kule mtu hanyimwi mbegu. Jirani anakuja na kibakuli, unampa. Mwaka ukikuharibikia, wewe ndiye unayekwenda kwake. Mimi hilo sikulijua, wala sikuuliza. Mama alikuwa ameniahidi, basi akawarudisha majirani na vibakuli vitupu. Wakamwita mchoyo usoni pake, na kanisani wakawa wanasogea asikae nao benchi moja. Alinisimulia huku akicheka, na mimi, mjinga mkubwa, nikacheka naye.

Miezi ikapita. Jarida nililolipelekea andiko likajibu kwamba wanataka msimu mwingine, tena shamba kubwa zaidi. Nikamwambia mama apande mbegu yote aliyonayo, naye akapanda yote. Zile nilizochukua mimi nilikuwa nimeshazisaga maabara.

Maharage yalipotoa maua, mtu akaja akang'oa miti yote iliyoyashikilia, akaenda kupikia. Ni nani, hatukujua. Miti ilikuwa imekwisha vilimani na kuni zilikuwa taabu kwa kila mtu, mwenyeji na mgeni. Mvua ikayakuta maharage yamelala chini, maua yakaoza kabla ya kutoa maganda.

Mama alipita nyumba kwa nyumba kuulizia walau kiganja kimoja cha mbegu ile. Aliijua hali, lakini alipita. Angeipata wapi, na nani alikuwa amepewa? Nilimzuia mimi, kwa mdomo wangu huu, kwa ajili ya mkataba.

Jarida jingine likaikubali kazi kwa ile misimu miwili ya mwanzo. Mkataba ukaongezwa, wenzangu wakanipa hongera, nikazipokea. Kisha nikachukua nakala moja nikampelekea mama. Nilidhani nitajisikia nafuu.

Alifuta mikono kwenye kitenge, akafunua kurasa polepole, kisha akanirudishia.

"Mwalimu, nisomee wanavyosema mwishoni."

Nikamsomea, nikitafsiri kutoka Kiingereza, na sauti yangu mwenyewe ikinichukiza: mbegu hii imethibitika kustahimili ugonjwa, na inapendekezwa isambazwe haraka kwa wakulima wote wa ukanda huu.

Akatikisa kichwa kukubali. Akasogeza kigoda karibu yangu.

"Sasa tukaichukue wapi?"

Hakuwa ananisuta. Alidhani najua.