Daftari la Chumba cha Mvuke

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya harusi. Sikuwa na vingine vya heshima, na barua ilisema nifike saa mbili kamili asubuhi kwenye lango la maabara ya ulinzi, nje kidogo ya Stockholm. Theluji ilikuwa imeyeyuka nusu, ile ya rangi ya majivu, nikafika soksi zimelowa chapachapa. Mlinzi wa lango akanitazama miguu, akaingia ndani, akarudi na viatu vya mpira vya mtu mwingine. Ndivyo watu wa huku walivyo, watakusaidia kwanza, salamu baadaye kama zipo.

Nilikuwa nimetoka Tanga kuja kusomea ufundi wa nguo. Mafunzo yalipokwisha nikabaki, nikaolewa, tukapanga nyumba Rågsved, na nikiwa na mtoto mchanga nikasoma tangazo kwamba anatakiwa fundi anayejua vitambaa. Nilidhani ni makoti ya mvua. Marehemu mama yangu aliamini hivyo hadi mwisho wake, nami sikumsahihisha, kwa sababu nilikuwa nimekula kiapo, na pia kwa sababu kueleza kwenyewe kulikuwa kazi. Sasa vijana wa chama chetu cha Kiswahili pale Rinkeby wameniomba niandike nilichokuwa nikifanya miaka yote ile. Yaliyo siri yatabaki siri. Mengine haya hapa.

Aliyenipokea alikuwa Msimamizi wa Chumba cha Majaribio, mwanamume mrefu mwenye sauti ndogo. "Karibu, Mwanaidi," akasema, jina kavukavu, bila Bi wala Mama. Nilitaka kununa, mpaka nikamsikia mfagizi akimwita yeye pia kwa jina tupu.

"Hapa hatutengenezi silaha," akaniambia tukitembea. "Kuna watu waliotengeneza gesi za kuua mji mzima, na kuna watu wanaotumwa kwenda kuziharibu. Sisi tunawavalisha hao wanaotumwa. Ukikosea mshono, wao ndio watakaojua kwanza."

Suti ya kinga ina matabaka mawili. La nje huzuia matone, na la ndani limejazwa mkaa uliotayarishwa kwa namna yake, wenye vitundu vingi visivyoonekana vinavyonasa sumu. Mkaa! Nilicheka peke yangu. Bibi yangu alipikia mkaa maisha yake yote na hakuna aliyemwambia kwamba jikoni kwake kuna kinga ya majeshi.

Sasa utaijuaje suti kama inavuja? Huwezi kumjaribu mtu kwa sumu yenyewe. Tulitumia mafuta fulani yasiyodhuru, ambayo mvuke wake hupenya kama sumu inavyopenya. Mwanajeshi alibandikwa vibandiko vidogo mwilini, shingoni, kwapani, mgongoni, mapajani. Kisha alivaa suti na kuingia chumba kilichojaa mvuke ule, akainama, akatambaa, akapanda ngazi. Akitoka, vibandiko vilibanduliwa na kusomwa na mashine. Kibandiko kikikutwa na mafuta, suti imevuja. Kazi yangu ilikuwa kubandika. Glavu zilinata kwenye gundi, kwa hiyo tulitumia vidole vitupu vilivyonawa, na kabla ya kuanza tulijaza fomu: umepaka manukato? umevuta sigara? Mimi mtu wa Tanga niliacha udi na marashi kwa ajili ya kazi ile. Mume wangu alilalamika kwamba amemuoa mwanamke, siku hizi analala na sabuni ya hospitali.

Palikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Kwenye droo ya Msimamizi, isiyo na kufuli, lilikaa daftari la kijivu. Ukikosea, unaliandika kosa lako humo kwa mkono wako. Unaandika lako tu, la mwenzako kamwe, na kurasa husomwa na Msimamizi peke yake. Siku hiyo unaleta kitu kitamu kwenye kahawa ya saa tisa, ile wanayoiita fika. Basi ukiona keki mezani unajua kuna aliyekosea. Unakula na huulizi.

Mwenzangu wa kuzungumza naye Kiswahili alikuwa Bahati, mkimbizi kutoka Uvira, Kongo. Yeye aliziba mishono ya kofia ya suti, pale shingoni, kwa utepe wa moto. Mtu mpole, mkono wake safi kuliko wangu, na mimi sisifii mikono ya watu ovyo. Mke wake alikuwa kambini, na hakuruhusiwa kumfuata mpaka Bahati apate kazi ya kudumu. Mkataba wake ulikuwa wa muda. Wangu pia, nilikuwa bado katika miezi ya kujaribiwa.

Hapo ndipo majaribio matatu mfululizo yalipofeli. Suti zile zilisubiriwa na wakaguzi waliokuwa karibu kuondoka kwenda kusimamia uharibifu wa sumu ya vita, na kila mara kibandiko cha shingoni kilijaa mafuta. Meja aliyesimamia ununuzi alikuja, akaweka karatasi mezani.

"Shingo ni mshono wa nani?" akauliza.

Bahati akanyoosha mkono. Ikapangwa kikao Ijumaa, na kila mtu alijua kwamba Ijumaa mkataba wa Bahati ungefia hapohapo.

Jumatano tulikaa kula chakula cha mchana. Hakugusa chake. Alikuwa anajisugua shingo.

"Dada, miye kila mushono naangalia mara mbili," akasema. "Sijue ile mvuke inapitia wapi."

Nilimwonea huruma. Mimi mwenyewe bega lilikuwa limenisumbua majuma mawili kwa kubeba mtoto na majora ya kitambaa, na jirani yangu Mkenya alinipa chupa ndogo ya dawa ya kuchua. Nilijipaka kila asubuhi kabla ya kutoka. Nikaitoa mkobani.

"Chukua, kaka, jichue shingo hiyo."

Akafungua, akanusa. Akanusa tena. Kisha akaniangalia.

"Dada, hii ni harufu ya kile chumba."

Nikanusa. Ilikuwa ileile. Jengo zima lilinuka mafuta yale tangu asubuhi hadi jioni, pua zetu zilikuwa zimekwisha kufa, na mimi nilikuwa ninanukia vilevile bila mtu kushtuka, wala mimi mwenyewe. Mafuta ya jaribio na mafuta ya chupa yangu yalikuwa ndugu wa tumbo moja. Fomu iliuliza manukato, nami manukato nilikuwa nimeacha. Dawa kwangu haikuwa manukato, ilikuwa dawa. Na kibandiko cha kwanza nilichokishika kila asubuhi, vidole vikiwa bado vina mafuta ambayo sabuni haikuyamaliza, kilikuwa cha shingoni.

"Unapakaka kila siku?"

"Kila asubuhi."

Akafunga kizibo taratibu, akanirudishia chupa. "Ile daftari, kila mutu na kosa yake," akasema. "Miye siandike ya mwenzangu." Akainuka, akarudi kwenye utepe wake.

Ningependa kuwaambia kwamba nilikwenda mbio kwenye ile droo. Sikwenda. Nilikuwa mgeni, mweusi, mwenye mtoto mdogo, na nilikwisha kuona watu wakirudishwa majumbani kwa makosa madogo kuliko hilo. Alhamisi nzima nilikaa kimya kama maji ya mtungi. Bahati alinisalimu kama kawaida, na kila salamu ilinichoma. Nilimwona akifumua kofia nzima na kuiziba upya, akitafuta kosa ambalo tulijua wote wawili kwamba halimo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi maradhi yenyewe yalikuwa kwenye chupa.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kikao, nilifungua droo na kuandika: "Leo asubuhi nimegundua kwamba dawa ninayojipaka begani ina mafuta yaleyale ya jaribio. Nimeyapeleka mimi kwenye vibandiko." Kisha nikaingia kikaoni nikayasema hayohayo mbele ya Meja.

Msimamizi hakupandisha sauti. "Chupa iko wapi?" akauliza. Akaamuru nijipake dawa na kunawa kama kila asubuhi, kabla ya kumbandika vibandiko kila mmoja wa wanajeshi wawili ambao hawakuingia chumbani kabisa. Mashine ikasoma. Shingo zote mbili zilijaa mafuta. Akabandika fundi mwingine, vikatoka safi kama maji.

"Kwa hiyo suti ni nzima," akasema Meja. Akamgeukia Bahati, akampa mkono. "Samahani sana."

"Merci, chef," Bahati akajibu, yaani asante mkuu, kwa Kifaransa cha kwao.

Nilingoja nifukuzwe. Msimamizi aliliweka daftari mbele yake. "Umegundua leo, umesema leo," akaniambia. "Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemtaka kwenye chumba changu." Kazi nikaipata. Saa tisa nikachelewa fika, maana nilikimbia nyumbani kupika mkate wa kumimina wenye hiliki nyingi, na hadi leo kule wanauulizia. Fomu ikaongezewa swali: umejipaka dawa yoyote ya kuchua? Lipo mpaka sasa. Jumatatu Bahati naye alileta mandazi. Nilijua anamshukuru Mungu. Nilikula matatu.

Baada ya hapo kazi ilinitembeza. Nilihamishiwa vinyago, vile vya kuvaa usoni kuzuia gesi, chini ya Mkuu wa Vinyago, mwanamke mkali aliyewanyoa ndevu majenerali wawili kwa wembe wa kukatia karatasi kwa sababu kinyago hakishiki kwenye ndevu. Nikaenda vigunduzi, mashine zinazonusa hewa na kulia kengele, na huko nilikuwa bingwa wa kengele za uongo. Kengele ikilia nilianza kuuliza nani amejipaka nini kabla ya kuuliza adui yuko wapi. Mwishoni nilifundisha wakaguzi kuvaa na kuvua. Kuvua ni kugumu kuliko kuvaa, kwa kuwa sumu iko nje ya nguo na ngozi iko ndani. Mmoja wao alirudi kutoka safari, akaja hadi mezani kwangu, akanionyesha mikono yake pande zote mbili, mizima. Hakusema alikotoka, sikumuuliza. Tulilia kidogo. Nashukuru kwa kazi ile, nashukuru kwa viatu vya mpira, nashukuru kwa kila bosi aliyenisahihisha bila kunidhalilisha.

Mwaka huu nimestaafu. Siku ya mwisho, mkuu mpya aliniletea daftari la kijivu. "Sasa tunaandika kwenye kompyuta," akasema. "Wote walioandika humu wamekwisha kuondoka. Litazame, kisha litakwenda ghalani."

Nilitafuta ukurasa wangu, nikaukuta. Chini yake, kwa tarehe ya Jumatatu ile ya mandazi, palikuwa na mwandiko wa Bahati, kwa Kiswidi chake cha kuungaunga:

"Jumatano nilinusa chupa, nikajua. Nilinyamaza siku mbili, suti zikangoja. Mwenye chupa alikuwa hajajua. Kosa ni langu. Bahati."

Pembeni Msimamizi alikuwa ameweka alama ya vema, kama alivyoweka kwenye langu. Aliyasoma yote mawili. Hakuniuliza kamwe.

Nilimpigia Bahati hapohapo, yuko Norsborg na mke wake na wajukuu. Nikamuuliza kwa nini aliandika uongo ule.

"Dada, ulikuwa na mutoto mudogo," akasema. "Na ile siku mbili ilikuwa muzito. Nikasema tuibebe wawili."

"Mbona hukuniambia?"

"Ile daftari haisomwake na mwengine."

Basi vijana, mmeniomba kumbukumbu, na daftari limekwenda ghalani, hivyo naandika hapa. Sikugundua Ijumaa. Nilijua tangu Jumatano, na mtu asiye na kosa alikuwa anafumua kofia zake mbele ya macho yangu. Kosa ni langu. Mwanaidi.

Mkate wa kumimina uko kwenye oveni. Ukiiva napanda treni kwenda Norsborg.