Maji ya Mgongo wa Zena

Jambo hili nimelificha miaka, na hata sasa nikilikumbuka uso unaniwaka, lakini kwa kuwa nyie ni wenzangu na Zena mwenyewe kanipa ruhusa, acha niseme: mie ndiye niliyesimama kwenye foleni ya basi Temeke nikaacha jirani ajipake maji ya ubongo wa mdogo wangu.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mabasi machache na foleni ndefu. Baba na mama walishatangulia mbele ya haki, nami niliacha shule darasa la nne nikawa dada na mama na baba wa wadogo zangu watatu, chumba kimoja, upande wa viwanda vya Chang'ombe. Zena, kitinda mimba wetu, alikuwa na miaka kumi na miwili. Homa ilimwanza jana yake, na asubuhi hiyo aliamka anachemka, shingo imekakamaa, mwanga wa dirishani unamliza, nikambeba mgongoni mpaka hospitali ndogo ya jirani.

Daktari, kijana mmoja wa bara, alimpa sindano ya kwanza ya dawa, kisha akasema lazima amchome uti wa mgongo atoe maji kidogo. Niliogopa (mtaani tuliambiwa ukitolewa maji ya mgongo hutembei tena), lakini nikamshika Zena miguu, yakatoka matone yenye ukungu kidogo, yakatiwa kwenye kichupa, kizibo, plasta juu. Tatizo, hadubini yao ilikuwa mbovu na gari halina petroli.

"Utayapeleka wewe hospitali kubwa mjini," daktari akasema. "Sikiliza, dada. Ubongo umefunikwa na ngozi laini, na kwenye ngozi zile kuna chembe za mwili zinazoishi humohumo siku zote, kazi yake kulinda. Nyingine zinakaa pale maji haya yanapotengenezwa. Adui akiingia zinaita wenzake, zinajaa kwenye maji. Fundi wa maabara wa huko akiziona na kuzihesabu nitajua napigana na nini. Bila hivyo nabahatisha. Ila zinakufa upesi. Una saa moja tu. Usikiweke kichupa kwenye barafu, kishike kipate joto la mwili."

Nikakitia kichupa kifuani, nikafunga khanga juu, nikakimbia kituoni. Foleni imepinda kona. Nikasimama mguu huu, nikasimama mguu ule, nikachungulia barabara, nikagusa kifua, nikachungulia tena. Na mbele yangu nani? Bi Tatu, jirani yetu, mtu wa Lindi, mdomo hauna kufuli.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Mbona unahangaika kama umekanyaga siafu? Na hapo kifuani umeatamia nini?"

Ningesema kweli yangeishia hapo. Lakini jana yake tu Bi Tatu huyu huyu aliniapia kwamba nikiwaacha madaktari wamtoboe Zena mgongo nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu. Nikaona aibu. Nikasema, "Maji ya dua."

"Ya nani?"

"Ya shehe mmoja wa Tanga." (Kwa nini nikafika mpaka Tanga, Mungu anajua.)

"Tanga!" Akageukia foleni nzima. "Jamani, huyu ana maji ya Tanga! Nipake goti, mwanangu, mwaka wa tatu huu nasali nimekaa."

"Shehe kasema yasifunguliwe, Bi Tatu."

"Shehe gani anawanyima watu shifaa?"

"Lione lilivyo choyo," mama mmoja akadakia, "na yatima ndiye anayejua shida!"

Neno hilo lilinichoma, na katika kuchomwa kule mikono ikalegea, Bi Tatu akapenyeza wake, akachomoa kichupa, akang'oa plasta na kizibo kwa meno, akamimina kiganjani, akasugua goti, amefumba macho.

"Ya vuguvugu! Yanaingia, wallahi, nayasikia yanaingia!"

Mzee mmoja mwenye mtoto wa jicho akajisogeza, akainua uso juu, akajipanua kope kwa vidole. "Na mie, mama, tone moja moja tu." Kichupa kilishainama juu ya jicho lake nilipopiga ukelele.

"Si dua! Yametoka kwenye mgongo wa Zena! Ni maji ya ubongo wake, yanataka kupimwa, nisipofika atakufa!"

Mzee akafumba macho kwa nguvu zote. Bi Tatu akalitazama goti lake kama ni la mtu mwingine, kisha akaketi palepale chini akaanza kulisugua kwa mchanga, huku akinirudishia kichupa na kizibo chake kwa ncha za vidole. Yaliyobaki hayakufika nusu. Basi likatokea, na watu wote wakanipisha, mpaka leo sijui kwa huruma au kwa woga. Najua tu kwamba abiria walisimama mpaka mlangoni, na kiti cha pembeni yangu kikabaki kitupu hadi mjini.

Fundi wa maabara alikitazama kizibo. "Nani kafungua?"

Nikamwambia yote, nikilia. Hakunigombeza, aliinamia hadubini yake mpaka nikadhani kalala. "Chembe zipo, nyingi mno," akasema. "Hilo litamsaidia daktari. Lakini kuotesha vijidudu tujue ni vya aina gani hasa, haya yameshachafuka. Watoe mengine."

Basi jioni ile Zena alichomwa tena. Nilimshika miguu mara ya pili, akipiga kelele akiniita mimi nimwokoe, na mie ndiye niliyemletea ile sindano.

Alipona, alhamdulillahi, na anatembea kunizidi. Siku alipoanza kukaa kitandani akaniuliza, "Dada, yale ya kwanza yalikwenda wapi?"

Uongo ulikuja mdomoni, mzuri, umeshaiva. Nikaumeza. Nikamweleza yote, mpaka mzee na kope zake, na sijawahi kumdanganya mtu tena kuhusu ugonjwa wa nyumbani kwangu.